‘Presents’ si zawadi: Kiingereza cha kale kinavyokalia mikataba yetu

Na Mwandishi Wetu

*Waingereza walianza kusafisha lugha ya mahakama zao mwaka 1362, na kazi bado haijaisha. Tanzania imeianza juzi, mwaka 2021. Makala haya yanafuatilia maneno yaliyochakaa ambayo bado yanaamua nani anamiliki kiwanja na nani anadaiwa.*

KIBANDA hakina mlango. Kina meza, kompyuta moja, printa iliyojaa vumbi na benchi la kukalia watu watatu. Kiko hatua chache kutoka geti la mahakama jijini Dar es Salaam, na mchapaji wake huandika chochote unachomletea: barua za udhamini, hati za viapo, mikataba ya pango, mikataba ya kuuziana viwanja.

Asubuhi hiyo benchi lilikaliwa na mama mmoja na mwanawe wa kidato cha pili. Mama alishika bahasha iliyotoka Muscat. Kaka yake anayefanya kazi huko alikuwa amemtumia hati ya uwakilishi ili amuuzie kiwanja chake cha Kigamboni. Hati ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu, na mstari wa kwanza ulikuwa kwa herufi kubwa: KNOW ALL MEN BY THESE PRESENTS.

“Hebu nisomee, mwanangu.”

Kijana alikunja uso. “Wanaume wote… wajue… kwa zawadi hizi.”

“Zawadi zipi tena? Mjomba wako tangu aende Uarabuni hajatuma hata doti ya kanga!”

Benchi zima likacheka. Mchapaji naye akacheka, lakini alipoulizwa maana halisi ya mstari ule alikiri kuwa ameuchapa kwa miaka bila kujua unasema nini. Ndivyo ulivyo kwenye fomu, alisema. Ukiutoa, wakili anairudisha.

Kijana yule hakuwa mzembe. Kila neno la mstari ule alilifundishwa darasani. Shida ni kwamba alifundishwa maana ya leo, na mstari ule umeandikwa kwa maana ya karne nyingi zilizopita. “Men” hapa ni watu, wake kwa waume. “Presents” ni maandishi haya yenyewe, hati uliyoishika mkononi. Mstari wote unasema jambo jepesi: yeyote atakayesoma hati hii, na ajue.

Hapo ndipo ulipo mtego wa maneno ya kale. Neno usilolijua hukusimamisha. Utauliza, utafungua kamusi. Neno unalodhani unalijua hukuacha upite, na ukishapita umeweka sahihi.

> Neno usilolijua hukusimamisha. Neno unalodhani unalijua hukuacha upite, na ukishapita umeweka sahihi.

Sura ya leo, maana ya jana

Chukua neno “let”. Mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kuwa ni kuruhusu. Lakini fungua pasipoti ya Uingereza: humo serikali inaomba mwenye pasipoti aachwe apite “without let or hindrance”. Kwa Kiingereza cha darasani, mtu huyo anaombewa apite bila ruhusa.

Kumbe Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, “lettan” cha kuzuia na “lætan” cha kuruhusu. Matamshi yakasogeleana mpaka yakawa kitu kimoja, na lugha ikajikuta na neno moja linalofunga mlango na kuufungua. Mambo hayo hayadumu. Kuruhusu kukashinda mitaani. Kuzuia kukakimbilia kwenye hati za serikali na kwenye uwanja wa tenisi. Huko, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukaangukia mahali pake, mwamuzi husema “let”: kumetokea kizuizi, upigwe upya.

Jamaa yake ni “prevent”. Leo ni kuzuia. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, neno hilo lina maana ya kutangulia. Msomaji anayelichukua kwa maana ya leo anapata mafundisho ambayo hayakuandikwa humo.

Mahakamani ilikuwa vituko zaidi. Leo “infant” ni mtoto mchanga. Sheria ya Uingereza ilimwita hivyo kila mtu aliyekuwa chini ya miaka 21, mpaka Bunge liliposhusha umri wa utu uzima hadi miaka 18 kwa sheria ya mwaka 1969. Kabla ya hapo, askari wa miaka 20 mwenye masharubu yake, akifika mahakamani kwa deni la suti, alikuwa mtoto mchanga kisheria.

Yapo pia maneno ambayo hayadanganyi mtu kwa sababu yanaonekana mazee waziwazi. “Witnesseth”, linalokaa juu ya mikataba, ni “hushuhudia”, likiwa na kiambishi cha “-eth” ambacho watu waliacha kukitamka katika mazungumzo kiasi cha miaka 400 iliyopita. “Hereinafter” ni “kuanzia hapa na kuendelea”. “Whereof” ni “ya hayo”. Haya yanachosha, ila hayadhuru sana. Anayeyakuta anajua kuwa amekwama.

Mahakama ya lugha tatu

Ili kujua kwa nini sheria ilihifadhi maneno haya kama nguo za marehemu sandukuni, inabidi kurudi mwaka 1066. Mwaka huo William wa Normandy alivuka bahari akaiteka Uingereza. Mabwana wapya walisema Kifaransa. Makarani waliandika Kilatini. Mkulima alibaki na Kiingereza chake.

Muda ulivyokwenda, mahakama kuu zikawa na lugha tatu chini ya paa moja: mawakili wakibishana kwa Kifaransa, kumbukumbu zikiandikwa kwa Kilatini, na mwenye kesi akisubiri kuambiwa kwa Kiingereza kama ameshinda au ameangamia.

Mwaka 1362, chini ya Mfalme Edward wa Tatu, Bunge lilipitisha sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza. Sababu iliyotolewa ingeeleweka hata leo Manzese au Kisumu: Kifaransa hakijulikani kwa watu, na mtu hajui linalosemwa kwa ajili yake wala dhidi yake. Kichekesho ni kwamba sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, na ikaagiza kumbukumbu ziendelee kwa Kilatini.

Mawakili hawakuwa na haraka. Karibu miaka 270 baadaye, mwaka 1631, mfungwa mmoja aliyehukumiwa mjini Salisbury alimrushia jaji kipande cha tofali kikamkosa chupuchupu. Alikatwa mkono, kisha akanyongwa. Mwandishi wa kumbukumbu aliliandika tukio hilo kwa Kifaransa cha mawakili, lakini Kifaransa chenyewe kilikuwa kimechakaa mno. Alipofika kwenye tofali aliandika Kiingereza, na alipofika kwenye kukosa chupuchupu aliandika Kiingereza tena. Aliyewahi kusikiliza mawakili wawili wakizungumza kwenye korido za mahakama za Dar es Salaam au Nairobi anaijua lugha hiyo.

Bunge lilijaribu tena mwaka 1650, wakati nchi haina mfalme. Mfalme aliporudi mwaka 1660, Kilatini na Kifaransa vikarudi naye. Hatimaye sheria ya mwaka 1731, iliyoanza kutumika mwaka 1733, ilifunga mjadala. Hata hivyo, miaka zaidi ya 30 baadaye William Blackstone, mwanasheria mashuhuri wa zama zake, alikuwa bado akinung’unika kuwa watu wa kawaida hawajawa werevu zaidi wa sheria kwa kuandikiwa Kiingereza.

Nung’uniko lake lilikuwa na chembe ya ukweli. Lugha ilibadilishwa, maneno hayakubadilishwa. Kifaransa kilitoka mlangoni kikiwa kimeacha mizigo yake yote ndani.

Pacha wa mikataba

Mizigo hiyo inaonekana wazi katika maneno yanayotembea mawili mawili. “Will and testament”: la kwanza la Kiingereza, la pili la Kilatini, yote mawili ni wosia. “Fit and proper”: Kiingereza na Kifaransa. “Breaking and entering”: vivyo hivyo. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba karani wa zama zile, akiwa hana hakika msomaji wake anajua lugha ipi, aliandika zote mbili ili asilaumiwe. Wengine huongeza kuwa Waingereza walipenda mapigo ya maneno pacha hata kabla ya Wafaransa kufika. Vyovyote vile, wasomaji wale walikufa zamani na pacha wao bado wanaishi.

Ndani ya baadhi ya pacha hao mna historia tamu. Katika “goods and chattels”, yaani mali inayohamishika, neno la pili limetoka katika Kifaransa na lina asili moja na “cattle”, ng’ombe. Yote mawili yanarudi kwenye neno la Kilatini la kichwa. Msukuma au Mmasai hahitaji kuelezwa kwa nini mali, ng’ombe na kuhesabu vichwa ni ukoo mmoja.

Na “bequeath”, kurithisha kwa wosia, limezaliwa na kitenzi cha kale cha kusema. Wosia ulikuwa maneno ya mgonjwa kitandani kabla haujawa karatasi. Hata sisi kuusia ni kusema na mtu kwanza. Karatasi imekuja baadaye.

> KAMUSI YA MFUKONI
>
> Presents: maandishi haya, hati hii.
>
> Let: kizuizi, katika hati za kale, leo ni kuruhusu.
>
> Infant: aliye chini ya umri wa utu uzima, hata kama ana ndevu.
>
> Mortgage: kwa Kifaransa cha kale, “rehani iliyokufa”. Edward Coke, jaji wa karne ya 17, alieleza kuwa mdaiwa asipolipa, ardhi imekufa kwake. Akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji.
>
> Culprit: mkosaji. Neno lililozaliwa kwa makosa, baada ya vifupisho viwili vya Kifaransa cha mahakama, “cul.” na “prit”, kusomwa kama neno moja.
>
> Oyez: “sikilizeni”. Hadi leo mpiga mbiu wa Mahakama ya Juu ya Marekani hulitamka mara tatu kabla ya majaji kuketi.

Yalifikaje Kigamboni?

Maneno haya hayakuletwa na walimu wa shule. Yaliletwa na tarehe. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, amri ya mfalme ya mwaka 1920 iliagiza mahakama zitumie sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kenya tarehe yake ni 12 Agosti 1897. Uganda ni 11 Agosti 1902.

Kwa hiyo jaji wa Arusha au Nairobi, akikosa jibu katika sheria ya nchi, huuliza Uingereza ilisemaje siku hiyo. Sheria ya mikataba ya Tanzania nayo ilipitia India kabla ya kufika Dar es Salaam, kwani iliundwa kwa kuifuata ile ya India ya mwaka 1872. Pamoja na sheria zikaja fomu, na fomu zikanakiliwa: kutoka kitabu hadi taipureta, kutoka taipureta hadi kompyuta ya kibandani.

Tanzania ikajikuta na mahakama ya lugha mbili. Mahakama za mwanzo zilikwenda kwa Kiswahili tangu zamani. Huko juu, shahidi alisema Kiswahili, hakimu akasikia Kiswahili, lakini kalamu yake iliandika Kiingereza. Mtu anasema “alinitolea maneno makali”, na kwenye jalada kunabaki tafsiri iliyopatikana kwa sekunde mbili. Rufaa ikikatwa, jaji anasoma tafsiri ile. Maneno ya shahidi mwenyewe hayapo popote.

Februari 2021 Bunge lilibadili mambo: Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na Kiingereza kikaachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Mwezi huohuo, katika Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akisema wazi kuwa amefurahishwa na hukumu aliyoiandika kwa Kiswahili.

‘Msiguse’ dhidi ya ‘tuelezeni’

Si kila mwanasheria alipiga makofi. Hoja ya wanaotaka maneno ya kale yaachwe inastahili kusikilizwa, maana haitokani na majivuno peke yake.

Wanasema hivi: neno la mkataba ni kama daraja ambalo magari mengi yamepita. Majaji wamelipima kwa mamia ya kesi. Tunajua linabeba uzito gani na linavunjika wapi. Ukiweka neno jipya, hata likiwa zuri, itabidi watu wagombane upya ili kulipima, na ugomvi huo utalipiwa na wateja.

Mfano wao bora ni “consideration”. Mtaani ni kufikiria jambo au kumjali mtu. Kwenye mkataba ni kile ambacho kila upande unatoa ili ahadi ya mwenzake imfunge. Ukiandika “malipo”, mtu atadhani ni fedha tu, ilhali ahadi, kazi au hata kukubali kutofanya jambo huweza kutosha. Hapo neno la zamani linafanya kazi ambayo neno jepesi halijaiweza.

Lakini upande wa pili unauliza: ni maneno mangapi ya kale yana kazi kama hiyo? Mmarekani David Mellinkoff, wakili aliyekuwa mwalimu wa sheria, alichapisha mwaka 1963 kitabu kikubwa kuhusu lugha ya sheria, akionyesha kuwa sehemu kubwa ya maneno haya haina usahihi wowote wa ziada. Imebaki kwa mazoea. “The said” ndilo shahidi mzuri. Andika kuwa kaka amemuuzia mdogo wake shamba, na kwamba “mtu aliyetajwa” atalipa kodi ya ardhi. Aliyetajwa yupi? Wametajwa wote wawili. Neno linalodai kubana limelegeza.

Waingereza wenyewe wamelikubali hilo. Tangu Aprili 1999, kanuni mpya za kesi za madai za Uingereza na Wales zilimwondoa “plaintiff” wa Kifaransa zikamweka “claimant”, mdai tu. “Writ” ikawa fomu ya madai. Mahakama hazikuanguka.

> Andika kuwa kaka amemuuzia mdogo wake shamba, na kwamba ‘mtu aliyetajwa’ atalipa kodi. Aliyetajwa yupi?

Sahihi haina huruma

Kinachogombewa hapa si ufasaha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yenye daftari usilolielewa nayo hupotea, tena kwa sahihi yako.

Mwaka 1933, mama mmoja mwenye mgahawa huko Llandudno, Wales, alinunua mashine ya kuuzia sigara, akaweka sahihi kwenye karatasi ya kahawia yenye maandishi madogo. Mashine ikagoma. Mahakama ikasema karatasi inamnyima dai, na kwamba kuisoma au kutoisoma hakubadili kitu: umeweka sahihi, umefungwa. Kesi hiyo, L’Estrange dhidi ya Graucob, bado inafundishwa vyuoni.

Sheria hiyohiyo ya Uingereza, hata hivyo, iliwahi kuwa na huruma. Katika kesi ya Thoroughgood ya mwaka 1582, mtu asiyejua kusoma alisomewa hati kinyume na ilivyoandikwa. Mahakama ilikataa kumfunga nayo. Ile haikuwa hati yake. Uganda inao mwendo wa aina hiyo katika sheria yake ya kuwalinda wasiojua kusoma: anayemwandikia mtu kama huyo hati lazima aandike humo jina lake kamili na anwani, na kwa kufanya hivyo anachukuliwa kuwa amethibitisha kwamba alimsomea na kumweleza.

Swali ni nani hajui kusoma. Kijana wa benchini anasoma Kiingereza kila siku shuleni. Mbele ya “presents” alikuwa sawa na yule wa mwaka 1582.

Kiswahili nacho kina sanduku

Ingekuwa rahisi kumalizia kwa kusema: basi tuandike Kiswahili, yaishe. Waingereza walidhani hivyo mwaka 1362.

Soma mikataba na sheria za Kiswahili zinazotoka sasa. Utakuta “kwa kuwa… na kwa kuwa…” ikipanda ngazi ukurasa mzima, ikifuata hatua za “whereas”. Utakuta “ambaye hapa baadaye ataitwa”, ambayo ni “hereinafter” iliyovaa kanzu. Utakuta “bila kuathiri ujumla wa hayo yaliyotangulia”. Maneno yote ni ya Kiswahili, lakini jaribu kumwambia hivyo bibi yako sebuleni.

Tunayo pia mazee yetu wenyewe, mengi yenye asili ya Kiarabu. Mengine ni hazina inayoeleweka na kila mtu: mirathi, wakfu, dhamana, rehani. Hayo yasiguswe, maana yanafanya kazi. Mengine yanaishi mahakamani tu, na tofauti yake na “witnesseth” ni umri wa safari.

Nilirudi kibandani mchana. Mama wa Kigamboni alikuwa amepata mnunuzi, na safari hii alisisitiza mkataba uwe wa Kiswahili. Mchapaji alikuwa na fomu yake tayari, akajaza majina, akaupitisha ukurasa kwa yule mama ausome mwenyewe. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, akiridhika, mpaka kipengele cha ugomvi. Hapo kidole kikasimama.

“Na hawa wadaawa ni kina nani? Wauza dawa?”

Alimgeukia mwanawe. Kijana alitikisa kichwa; hili hakufundishwa kwa lugha yoyote. Mnunuzi akatazama dari.

Mchapaji alivuta kibodi, akalifuta neno, akaandika “muuzaji na mnunuzi”. Kidole kikaendelea na safari.